Kengele ya Mwenyekiti

Mdogo wangu anaitwa Mwenyekiti kwa sababu mbili. Ya kwanza, ana kiti. Ni kiti cha mbao chenye mikanda ya kifuani na kiunoni, alichokitengeneza seremala wa mtaani kwa vipimo vya hospitali, na hakuna kiumbe mwingine anayeruhusiwa kukikalia, hata paka. Ya pili, hakuna linalofanyika nyumbani kwetu bila kuzingatia ratiba yake. Ana miaka minne. Hajawahi kusimama, hajawahi kumeza kijiko cha uji, na hotuba zake zote zina neno moja, nalo ni "Ge."

Neno hilo linatosha kabisa. "Ge" fupi ni salamu. "Ge" ya kuvuta ni malalamiko. "Ge" ya puani, akiwa amefumba jicho moja, ni yangu mimi peke yangu, na maana yake ni kwamba ameona nilichomfanyia shangazi na hatamwambia mtu.

Alizaliwa na ugonjwa wa vinasaba wenye jina refu kuliko yeye mwenyewe. Daktari alieleza kwamba ndani ya mwili kuna maelekezo ya jinsi ya kuujenga, na kwamba katika maelekezo ya Mwenyekiti kuna mahali palipokosewa, ndiyo maana misuli yake ni legelege, ya koo ikiwemo. Ndugu wa pande zote mbili walikutana haraka kutafuta kosa limetoka kwa nani. Upande wa baba walimtaja mjomba wa mama aliyekuwa akitembea kama anayesukumwa na upepo. Upande wa mama walimtaja babu yake baba, kwa sababu tu hawakumpenda. Daktari akawaambia limetoka kote kuwili, sawa kwa sawa. Tangu siku hiyo pande zote mbili zina adabu.

Mimi husoma shule ya bweni, na nyumbani huja likizo tu. Mkuu wa shule aliwahi kumwambia baba kwamba nina akili nyingi na zote ziko mahali pabaya. Nalitaja hili mapema kwa sababu lilitumika dhidi yangu baadaye.

Chumba kilichokuwa sebule sasa ni ofisi ya Mwenyekiti. Kuna mtungi wa oksijeni kwenye kona, mashine ya kuvuta makohozi juu ya meza ya televisheni, mabomba ya sindano yakikauka kwenye kitambaa safi, na kabati la nguo la familia nzima, kwa kuwa halikuwa na pengine pa kwenda. Chakula chake ni maziwa maalumu yanayopita kwenye mpira ulioingizwa tumboni. Mama hulishika bomba juu, maziwa yanashuka taratibu, na Mwenyekiti huangalia dari kama mtu anayenyolewa.

Halafu kuna mashine ya kengele. Ni kuukuu, hospitali waliitoa walipopata mpya. Ina waya mrefu, na mwisho wa waya kuna kibanio chenye taa nyekundu kinachobanwa kwenye kidole gumba cha mguu wake wa kushoto. Kibanio hupima hewa iliyo kwenye damu. Hewa ikishuka, mashine inapiga kelele ambayo imewafanya majirani wawili wahame vyumba vyao vya kulala.

Kengele ikilia, kila mtu ana kazi. Mama hufika wa kwanza, humfungua mikanda, humnyanyua na kumlaza ubavu. Shangazi, dada yake baba, ambaye ni msusi na ana mikono myepesi, huwasha mashine ya kuvuta makohozi. Baba, akiwapo, hufungua mtungi na kumshikia barakoa puani. Bibi husimama katikati ya mlango akimwomba Mungu kwa sauti, kazi ambayo hakuna aliyempa. Katika kumnyanyua, kibanio huwa kimeshatoka, basi mtu yeyote aliye karibu hukirudisha. Namba kwenye kioo huanza chini, halafu hupanda, hupanda, mpaka zinatulia. Wote hupumua. Mwenyekiti naye hutazama uso mmoja baada ya mwingine, ametosheka.

Jambo la mwisho la kujua kuhusu nyumba yetu ni amri ya bibi. Bibi alitangaza zamani kwamba hakuna mtu atakayekula mbele ya mtoto asiyeweza kula. "Si ungwana kumtafunia mtu usoni," alisema. Kwa hiyo tunakula jikoni, mlango umefungwa, kitambaa kimesukumwa chini ya mlango ili harufu isipite, na tunaongea kwa kunong'ona kama watu wanaogawana mali ya wizi.

Nilipofika likizo hii nilimkuta mama sebuleni na simu mkononi, ameisogeza karibu na mdomo wa Mwenyekiti.

"Sema tena, baba. Ge."

Mwenyekiti alinitazama mimi. "Ge," akasema, ya puani.

"Hiyo nzuri," mama akasema, akabonyeza kitufe. "Shikamoo yangu iko wapi, wewe?"

"Shikamoo, mama. Mnafanya nini?"

"Tunarekodi."

Nikadhani ni mchezo. Shangazi ndiye aliyenieleza, jikoni, huku akikata vitunguu. Kengele zilikuwa zimezidi. Zamani ilikuwa mara moja moja, sasa karibu kila siku, na siku nyingine mara mbili. Mama alimweleza daktari wa watoto, daktari akawaita wenzake. Wakaona koo linalegea kiasi kwamba njia ya hewa inajiziba. Alhamisi Mwenyekiti angelazwa, afunguliwe tundu shingoni, awe anapumulia hapo kupitia kibomba.

"Na Ge?" nikauliza.

"Hewa itakuwa inatokea shingoni, chini ya mahali sauti inapotengenezwa," shangazi akasema. "Labda akikua watamwekea kifaa, sauti irudi. Labda." Akafuta macho kwa mkono wenye kitunguu, jambo ambalo mtu aliyekata vitunguu miaka yote hiyo alipaswa kujua halifanywi.

Baba ni karani wa mahakama. Jioni hiyo alilisema jambo zima kwa namna yake. "Pumzi kwanza, sauti baadaye. Hilo halina rufaa."

"Nimesema lina rufaa?" mama akajibu. Kisha akaenda kurekodi nyingine.

Sasa nieleze tukio la kabatini, na ninaomba lisikilizwe bila upendeleo.

Shangazi hula haraka kuliko wote, kisha huenda sebuleni kuchukua koti lake la kazi kabatini kabla ya kurudi saluni. Siku ya Jumanne nilisema tumbo linaniuma na sitakula. Mwanafunzi wa bweni anayekataa chakula cha nyumbani angepaswa kukamatwa papo hapo, lakini walikuwa na mawazo mengine. Wakaingia jikoni, baba naye akiwa amekuja kwa chakula cha mchana. Mlango ukafungwa, kitambaa kikasukumwa. Mimi nikajipaka poda ya Mwenyekiti uso mzima hadi masikioni, nikaingia kabatini katikati ya makoti, nikaacha upenyo wa kumwona shangazi akija.

Mwenyekiti aliniona nikiingia. Alifumba jicho moja.

Tukasubiri. Kupitia upenyo nilimwona yeye tu, kwenye kiti chake, na mlango. Jikoni vijiko viligonga sahani. Mtu alicheka kwa kunong'ona. Mwenyekiti akageuza macho kuelekea mlango, kwa sababu shingo yake haigeuki vizuri.

"Ge," akasema, fupi.

Hakuna aliyejibu. Kwa kitambaa kile chini ya mlango, hata kama angekuwa na kipaza sauti, wasingesikia.

"Geee."

Kimya. Hapo nikaona kitu ambacho mtu asiye na uzoefu wangu asingekielewa. Uso wake ulitulia. Macho yakatoka mlangoni yakashuka kwenye miguu. Mguu wa kulia, ule ambao daktari wa viungo anausifu, ukaanza kusogea, polepole, unasimama, unasogea tena, mpaka kisigino kikafika juu ya kidole gumba cha kushoto. Kikakwangua. Kikapumzika. Kikakwangua tena. Kibanio kikaanguka.

Mashine ikalia.

Mwenyekiti akainua macho kutazama mlango, akatabasamu. Ninalijua tabasamu hilo. Nimelivaa mara nyingi nyuma ya milango ya mabweni, ndoo ikiwa juu. Ni la mtu anayejua kitakachofuata.

Mlango ukafunguka kwa kishindo, mama mbele, shangazi, baba na kijiko bado mkononi, bibi nyuma. Mimi nikatoka kabatini nikipiga kelele, "Acheni! Ni yeye! Ni yeye anafanya!" nimesahau kabisa kwamba nina uso mweupe.

Bibi alimwita Mungu kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia. Shangazi alinipiga na koti. Mama hakunitazama hata kidogo, alikuwa ameshamnyanyua mtoto. Baba alifungua mtungi. Kibanio kikarudishwa, namba zikaanza chini, zikapanda.

"Ge," alisema Mwenyekiti.

Kesi yangu ilisikilizwa hapo hapo. Nilieleza nilichokiona. Bibi alisema mtoto mgonjwa hana akili ya hila. Nikamjibu kwamba hila haitaki misuli mingi. Shangazi alisema ningekuwa mwanawe ningeshaoshwa hiyo poda kwa brashi ya kufulia.

"Shahidi," baba akasema, bado ameshika kijiko, "una rekodi ndefu ya udanganyifu. Sasa hivi umepaka poda."

"Poda haihusiani, baba. Nimeona kwa macho yangu."

"Mashine inasema hewa inashuka."

"Mashine inasema haijisikii vizuri! Kibanio kikitoka inalia hivyo hivyo. Haina sauti mbili. Nani hapa hutazama kidole kwanza?"

Hakuna aliyekuwa na kazi ya kidole.

"Usifanyie mzaha ugonjwa wa mwenzio," mama akasema. Hakupaza sauti, na mama asipopaza sauti ndipo mtu hutakiwa kutoka nje. Nikageuka kuondoka. "Ngoja. Umesema mguu gani?"

"Wa kulia. Anatumia kisigino."

Mama akakishika kisigino cha kulia cha Mwenyekiti, akakigeuza kwenye mwanga. Kulikuwa na mchubuko mdogo mwekundu, unang'aa kwa mafuta.

"Nilidhani ni soksi," akasema. "Nimebadilisha soksi za kila aina."

Baba aliweka kijiko chini. "Mahakama," akasema, "huwa inaruhusiwa kutembelea eneo la tukio."

Mama alikataa. Alikataa tukiwa sebuleni, akakataa tena wakati wa kufua, akakataa wakati anamlisha maziwa. Sababu yake ilikuwa fupi: kama nimekosea, atakuwa amesimama mlangoni akimtazama mwanawe anakosa hewa kwa ajili ya mzaha wa mtoto mkubwa. Niliwaza kwamba kweli naweza kuwa nimekosea, na wazo hilo lilikaa nami bila kualikwa. Kengele nyingine zilikuwa za kweli, mimi mwenyewe nimewahi kuona midomo yake ikibadilika rangi. Nilichokiona kabatini ni mara moja tu.

Asubuhi ya Jumatano mama alikuja nilipokuwa nikiosha vyombo, akasimama pembeni.

"Ukiwa unafanya mambo yako huko shule," akaniuliza, "huwa unataka nini hasa?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Waje," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. "Mchana, basi."

Mchana huo tulipanga jikoni sahani zisizo na kitu, na bibi, ambaye alikuwa hakubaliani na lolote, alipewa kazi ya kugonga vijiko. Aligonga kwa hasira, ikawa sawa na chakula cha kweli. Baba alikuwa ameomba ruhusa kazini. Aliusogeza mtungi karibu na mlango, barakoa tayari. Mama alisimama kwenye upenyo wa mlango, jicho moja sebuleni, mkono umeshika kitasa. Mimi nilichuchumaa chini yake, nikiwa nimenawa uso.

Nyuma yetu bibi alikuwa akigonga. Mbele yetu Mwenyekiti alikuwa peke yake.

"Ge," akasema.

Kitasa kikasogea. Baba akamgusa mama begani, kikatulia.

"Geee."

Kisha macho yakashuka, na mguu wa kulia ukaanza safari yake. Nilihisi mama ameacha kupumua. Kisigino kilifika, kikakwangua, kikateleza, kikajaribu tena. Ilichukua muda mrefu. Daktari wa viungo amekuwa akimbembeleza mwaka mzima ausogeze mguu huo kufikia mdoli wa manjano. Kibanio kikaanguka.

Kengele ikalia, na hakuna aliyekimbia. Napenda kuliandika hili vizuri kwa sababu sidhani kama niliwahi kuona mtu akifanya kazi ngumu zaidi ya ile aliyoifanya mama kwa kusimama. Alikuwa anaitazama midomo ya mtoto, nami pia. Ilikuwa na rangi yake. Kifua kilipanda na kushuka bila wasiwasi.

Mwenyekiti alitazama mlango, tabasamu likiwa tayari. Mlango haukufunguka. Tabasamu likabaki kidogo, likaondoka. Akakunja uso. Alikuwa bosi aliyepiga kengele na tarishi hajaja. "Ge!" akasema, juu ya kelele za mashine. "Ge! Geee!" Na mwishowe ya kuvuta sana, ambayo hatujawahi kuisikia, kwa sababu hatukuwahi kuchelewa hivyo.

Mama akaingia. Hakukimbia. Alikiokota kibanio, akakirudisha kwenye kidole, kengele ikanyamaza. Kisha akakaa sakafuni mbele ya kiti.

"Kumbe ulikuwa unaniita," akasema.

Sikumtazama usoni. Niliitazama mashine, namba zilikuwa zinapanda.

Bibi alikuja na vijiko vyake. Alitazama meza ya televisheni, mtungi, mtoto, kitambaa kilichobaki chini ya mlango wa jikoni. Alikitazama kitambaa kwa muda. Kisha akainama, akakiokota, akakikung'uta, akaenda kukitundika kwenye kamba ya nguo nje.

Daktari alisikiliza habari yote kesho yake, siku ambayo Mwenyekiti alipaswa kulazwa. Hakukasirika. Alimwambia mama kwamba yeye aliamua kwa alichoelezwa, na mama alieleza alichokiona. Alimwuliza Mwenyekiti kama ni kweli, Mwenyekiti akafumba jicho moja. Daktari akakohoa kidogo na kugeukia dirisha. Kisha akasema kibanio kifungwe kwa plasta na kivishwe soksi juu yake, na kila kengele ikilia, wa kwanza kufika atazame kidole kabla ya kumnyanyua mtoto. Apelekewe habari za zile za kweli tu, ndipo waamue. Koo lake bado ni legelege, alisema, tusijidanganye. Operesheni ikaahirishwa.

"Imeahirishwa, haijafutwa," baba alisisitiza tukitoka, kama mtu anayemsomea mwingine hukumu.

"Nimesikia," mama akasema. "Mbebe mwanao."

Nyumbani amri ya bibi ilitenguliwa na bibi mwenyewe. Alihamisha meza ya kulia chakula kutoka jikoni kwa kuiburuta, bila kuomba msaada, akaiweka mbele ya kiti chenye mikanda. "Akae huku mwisho," akasema. "Aone watu wanavyotafuna vibaya." Sasa tunakula mbele yake. Nilidhani atalia kwa kutamani. Hatazami chakula hata kidogo. Anatazama midomo yetu ikiongea, na kila mtu akimaliza sentensi, anachangia. Shangazi humuuliza maoni yake juu ya wateja. Baba humsomea kesi za siku hiyo, na zote hutolewa hukumu ya aina moja.

Siku ya tatu ya utaratibu huu nilikuwa nikisimulia jinsi mpishi wetu wa shule alivyofungiwa stoo, jambo ambalo sihusiki nalo, kengele ikalia.

Shangazi alicheka. "Mwenyekiti! Wote tuko hapa, sasa unamwita nani?"

Kazi ya kidole ni yangu. Niliteremka chini ya meza, nikashusha soksi. Plasta ilikuwa mahali pake. Kibanio kilikuwa mahali pake, taa nyekundu inawaka juu ya kucha.

"Kipo," nikasema.

Hakuna aliyesikia, au hawakutaka. Nikatoka chini ya meza na kumtazama usoni. Hakuwa akitabasamu. Hakuwa akimtazama mtu yeyote.

"Kibanio kipo!" nikasema. "Ni ya kweli!"

Viti vilianguka. Mama alimfungua mikanda, akamlaza ubavu. Shangazi aliwasha mashine, mikono yake myepesi ikafanya kazi yake. Baba alifungua mtungi. Bibi alisimama kati ya meza na ukuta akaanza kwa sauti. Mimi nilishika mguu wa kushoto usisogee, ndiyo tu niliyoweza. Ulikuwa wa baridi kidogo, na mwembamba kuliko unavyoonekana ndani ya soksi.

Namba zilikuwa chini. Zilibaki chini. Shangazi akayatoa makohozi mazito, akaingiza mpira wa mashine tena. Namba zikasogea, zikasimama, zikaanza kupanda. Midomo ikarudia rangi yake.

Hakuna aliyepumua mapema safari hii. Tulisubiri.

"Ge," akasema Mwenyekiti. Ilikuwa fupi na yenye mikwaruzo.

Mama alimrudisha kwenye kiti, akamfunga mikanda, akamfuta kidevu. Baba aliinua viti. Bibi akasema chakula kimepoa na kwamba hakuna aliyemwambia aketi, akaketi.

"Hiyo ya daktari," mama akasema. "Ya kweli, moja."

"Moja," baba akakubali.

Tukaendelea kula. Nilimalizia habari ya mpishi, lakini haikuchekesha kama nilivyopanga. Nitarudi shule wiki ijayo, na kazi ya kidole nimemkabidhi bibi, ambaye kwa miaka ya goti lake haingii chini ya meza kwa haraka, kwa hiyo amejinunulia kiti kifupi na ameshakiweka upande wa kushoto wa Mwenyekiti. Zile sauti kwenye simu mama hajazifuta. Huzisikiliza wakati mwingine anapokunja nguo, na Mwenyekiti, akijisikia mwenyewe kutoka chumba kingine, hujibu.